Saratani ya mlango wa kizazi nchi kwa nchi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila mwaka ramani ile ile ya saratani hii husambaa kwenye simu zetu: kusini na mashariki mwa Afrika pameiva rangi, Ulaya na Australia pamefifia. Maswali hufuata. Nimeyajibu mengi ana kwa ana na kwa ujumbe, na hapa nimeyaweka pamoja kwa ajili ya yeyote anayetaka kuelewa kwa nini ugonjwa mmoja unaua sana upande mmoja wa dunia na kidogo upande mwingine. Tanzania tunasema mlango wa kizazi au shingo ya kizazi, Kenya wengi husema mlango wa uzazi. Ni kitu kimoja: ile sehemu ya chini ya mfuko wa uzazi inayoingia ukeni.

Kwa jumla, ugonjwa huu ni mkubwa kiasi gani?

Kwa makadirio ya mwaka 2022, wanawake wapatao 660,000 duniani waligundulika kuwa nao na takriban 350,000 walifariki. Katika vifo hivyo, 94 kati ya kila 100 vilitokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kwa wanawake ni saratani ya nne kwa wingi duniani, lakini katika nchi nyingi za Afrika ndiyo inayoongoza kwa kuua.

Namba za dunia nzima ni ngumu kuzishika mkononi, kwa hiyo napenda kuweka nchi mbili sambamba. Sensa ya 2022 iliikuta Tanzania na watu milioni 61.7. Uingereza mwaka huo ilikuwa na watu milioni 67 hivi, kwa hiyo ukubwa wao unakaribiana. Tanzania ilikadiriwa kuwa na wagonjwa wapya 10,868 mwaka huo na vifo 6,832. Uingereza hupata wagonjwa wapya wapatao 3,300 kwa mwaka na vifo takriban 850.

Halafu tazama vifo dhidi ya wagonjwa. Tanzania, kwa kila wanawake 100 wanaougua, vifo ni zaidi ya 60. Uingereza ni kama 26. Maana yake mwanamke wa Tanzania ana hatari kubwa zaidi ya kuupata ugonjwa, na akishaupata ana hatari kubwa zaidi ya kufa nao, kwa sababu mara nyingi hugundulika ukiwa umeshasambaa.

Hizi namba za "kwa kila wanawake 100,000" zinapatikanaje? Mbona nchi moja ina namba mbili tofauti?

Ukigawa wagonjwa 10,868 kwa idadi ya wanawake wote wa Tanzania, pamoja na watoto wachanga, unapata kama 34 kwa kila 100,000. Hicho ni kiwango ghafi. Lakini kwenye jedwali la Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lile la Lyon, utakuta Tanzania imeandikiwa 64.8. Hakuna aliyekosea.

Saratani hii huwapata zaidi wanawake waliovuka miaka 35 au 40. Tanzania ni nchi ya vijana, na wanawake wa umri huo ni wachache ukilinganisha na wasichana wadogo. Uingereza wamejaa. Ukilinganisha viwango ghafi, nchi ya vijana itaonekana salama kuliko ilivyo. Kwa hiyo watakwimu huuliza hivi: kama nchi zote zingekuwa na mpangilio mmoja wa umri, nani angekuwa na wagonjwa wengi? Jibu lake ndilo kiwango kilichosawazishwa kwa umri, na ndicho pekee kinachofaa kulinganisha nchi na nchi. Anayekuonyesha ulinganisho bila kusema ametumia kiwango kipi, mwulize kwanza.

Ni kweli Tanzania iko karibu na kilele cha dunia? Na mbona Kenya ni nusu yake?

Ndiyo, Tanzania iko juu sana. Kwa makadirio ya 2022 Eswatini inaongoza kwa 95.9, kisha Zambia, Malawi, Zimbabwe na Tanzania zikifuatana kati ya 71 na 64. Kenya iko kwenye 32 hivi.

Hapo kwenye Kenya nakuomba uende pole pole. Nchi kama Finland ina daftari la taifa ambamo kila mgonjwa wa saratani huandikwa. Kwetu yapo madaftari ya maeneo machache: Kenya wanategemea sana Nairobi na Eldoret, Uganda wana daftari la Kampala ambalo ni miongoni mwa ya zamani kabisa barani, likianzia miaka ya 1950. Watakwimu huchukua namba za maeneo hayo na kuzitandaza juu ya nchi nzima, na pasipo na daftari la kutosha huazima kwa jirani. Mama aliyefia nyumbani kijijini bila kufika hospitali yenye maabara hayumo popote. Kwa hiyo tofauti ya Tanzania na Uingereza ni ya kweli, ni kubwa mno kuelezwa na upungufu wa madaftari. Tofauti ya Tanzania na Kenya mimi nisingeijengea hoja kubwa. Mwanamke wa Taveta hawi salama mara mbili kuliko wa Himo kwa sababu ya mpaka.

Kwa nini kusini na mashariki mwa Afrika? Ni tabia zetu?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, na linaumiza, kwa sababu limewafanya wanawake wengi waone aibu kupima.

Karibu saratani zote za mlango wa kizazi husababishwa na kirusi kiitwacho HPV, na aina zake mbili, 16 na 18, zinahusika na takriban asilimia 70. Kirusi hiki huambukizwa kwa kujamiiana na watu wengi sana hukipata wakati fulani wa maisha yao, hata aliyekuwa na mume mmoja tu tangu usichana wake. Kwa walio wengi mwili hukifuta wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Kwa wachache hubaki, na huchukua kawaida miaka 15 hadi 20 kuzaa saratani. Kuipata si ushahidi wa uzinzi. Naomba hilo liwafikie wanaume pia.

Kinachotutofautisha ni mambo mawili zaidi ya yote. La kwanza ni VVU. Mwanamke anayeishi na VVU ana hatari mara sita ya kupata saratani hii, kwa sababu kinga iliyodhoofika hushindwa kukifuta kirusi, na ile safari ya miaka 15 inaweza kufupika ikawa mitano hadi kumi. Eswatini, ambako takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne anaishi na VVU, haikufika kileleni kwa bahati mbaya tu. La pili ni kwamba safari hiyo ndefu, miaka yote hiyo ambayo madoa ya awali yangeweza kuonekana na kuondolewa kwa dakika chache, huku kwetu hupita bila mtu kuangalia. Mwaka 2019, wanawake wa miaka 30 hadi 49 waliowahi kupimwa hata mara moja maishani walikuwa 84 kati ya 100 katika nchi tajiri. Katika nchi za kipato cha chini walikuwa 11.

Ndugu zangu wako Muscat na Dubai. Huko wagonjwa ni wachache na upimaji haukuwa mkubwa. Sasa kupima kuna faida gani?

Ni swali zuri. Asia Magharibi, eneo zilimo Muscat na Dubai, kwa jumla ina kiwango cha chini mno, kama 4 kwa kila 100,000, na upimaji huko umekuwa wa hapa na pale. Maambukizi ya HPV yenyewe ni machache, VVU ni vichache, na wanaume karibu wote wametahiriwa, jambo ambalo hupunguza uwezekano wa mwanamume kubeba na kuambukiza kirusi.

Kwa hiyo kiwango cha chini hakithibitishi kwamba nchi inapima vizuri. Ili kujua kama upimaji unafanya kazi, nchi ilinganishwe na nchi inayofanana nayo, au na yenyewe ya zamani. Na dada aliyetoka Tanga kwenda kufanya kazi Muscat hakubadilika mwili uwanja wa ndege. Hatari aliyo nayo ni ile aliyoondoka nayo.

Basi ushahidi kwamba kupima kunaokoa uko wapi?

Uko kaskazini mwa Ulaya, na kwangu mimi hakuna ulinganisho wa nchi unaofundisha kuliko huu. Katika miaka ya 1960, Iceland, Finland, Sweden, Denmark na Norway zilifanana kwa mengi: kipato, hospitali, madaktari, hata dini. Zote zilikijua kipimo cha Pap, kile cha kukwangua seli na kuziangalia kwa hadubini, kilichopewa jina la daktari Mgiriki George Papanicolaou. Iceland na Finland ziliweka mpango wa taifa wa kuwaandikia barua wanawake wote, kwa majina, zikiwaita wapimwe. Norway haikuwa na mpango kama huo, isipokuwa eneo dogo. Mwenye kutaka alipimwa akienda kwa daktari.

Kati ya 1965 na 1982 vifo vilishuka kwa asilimia 80 Iceland, asilimia 50 Finland, asilimia 34 Sweden na asilimia 25 Denmark, ambako mpango ulifika baadhi ya maeneo tu. Norway vilishuka kwa asilimia 10. Kipimo kilikuwa kile kile. Kilichokosekana Norway ni barua, na waliianzisha kwa nchi nzima mwaka 1995.

Uingereza ilipita njia hiyo hiyo. Walianza kupima miaka ya 1960, na kwa zaidi ya miaka 20 vifo havikushuka kama walivyotarajia, maana waliokuwa wakipimwa ni wale wale, wengi wao vijana wasio na hatari kubwa, huku mama wa miaka 50 hajawahi kuguswa. Mwaka 1988 wakaunganisha orodha za watu waliosajiliwa kwa madaktari na mfumo wa kuita na kuita tena. Waliofikiwa walikuwa asilimia 42 mwaka huo, na kufikia 1994 walikuwa asilimia 85. Vifo vikaporomoka.

Nikitazama kambi zetu za upimaji, mahema, muziki, fulana, foleni ya siku mbili, nafurahi kwa kila mama aliyepimwa, kisha najiuliza nani ameandika jina lake, na nani atampigia simu baada ya miaka mitatu.

Ujerumani walipima kila mwaka na Finland kila miaka mitano. Si kila mwaka ni bora?

Hapana. Ujerumani tangu 1971 iliruhusu kipimo cha Pap kila mwaka kuanzia miaka 20, kwa mwenye kujitokeza. Finland iliwaita wanawake kila miaka mitano kuanzia miaka 30, kama mara saba maishani basi. Kwa miongo Finland imekaa chini ya Ujerumani kwa wagonjwa. Mwaka 2020 Ujerumani nayo ilianza kutuma barua, na kwa waliofika miaka 35 ikapunguza kipimo kuwa kila miaka mitatu, ikiongeza kipimo cha HPV. Kuwafikia wote mara chache kunashinda kuwapima baadhi kila mara.

Huku kwetu nesi alipaka siki akaangalia kwa macho. Ni kipimo cha kimaskini?

Ni kipimo cha mahali pasipo na maabara, na kimeokoa watu. Muuguzi hupaka siki kwenye mlango wa kizazi, husubiri kama dakika moja, na sehemu yenye seli zilizobadilika hugeuka nyeupe. Ikionekana, inaweza kutibiwa siku hiyo hiyo kwa kuigandisha kwa baridi kali au kuiunguza kwa joto. Mama aliyetembea saa tatu kufika kituo cha afya harudishwi nyumbani kungoja majibu. Huko Mumbai, India, utafiti uliohusisha wanawake 150,000 ulionyesha kwamba kipimo hiki, kikifanywa na wahudumu wa afya wa kawaida waliofundishwa vyema, kilipunguza vifo kwa asilimia 31.

Udhaifu wake nao usifichwe. Kinategemea jicho la aliye mbele yako, na macho hutofautiana. Aliyepata mafunzo ya wiki moja miaka sita iliyopita bila kusimamiwa tena anaweza kupitwa na doa, au akaona doa lisilokuwepo. Kwa wanawake waliokoma hedhi kinapungua nguvu, kwa sababu eneo la kuangaliwa hurudi ndani. Utafiti mwingine wa India, uliofanyika Osmanabad, ulilinganisha siki, Pap na kipimo cha kutafuta kirusi chenyewe. Kipimo cha HPV, mara moja tu, kilipunguza vifo kwa karibu nusu. Vingine viwili havikuonyesha upungufu wa uhakika.

Ndiyo sababu tangu 2021 Shirika la Afya Duniani linapendekeza kipimo cha HPV kiwe cha kwanza, kuanzia miaka 30, kila miaka 5 hadi 10. Na kwa wanaoishi na VVU kuanzia miaka 25, kila miaka 3 hadi 5. Sampuli mwanamke anaweza kujichukulia mwenyewe kwa pamba ya kijiti, faraghani, bila kupanda kitandani mbele ya mtu. Mashine za GeneXpert zilizotandazwa Afrika kwa ajili ya kifua kikuu zinaweza kukisoma. Kinachokwamisha ni bei ya vifaa vya kila kipimo, na hilo ni jambo la bajeti. Wabunge wetu waulizwe.

Mpaka kipimo hicho kikufikie, nenda kapime cha siki kilichopo. Usisubiri.

Australia wanasema watautokomeza. Inawezekana kweli?

Kutokomeza hapa kuna maana maalumu: wagonjwa wapya chini ya 4 kwa kila wanawake 100,000 kwa mwaka. Australia iko kwenye 6 hivi na imelenga kufika kabla ya 2035. Ilianza mpango wa taifa wa kupima mwaka 1991, ikawa ya kwanza kutoa chanjo ya HPV kwa nchi nzima mwaka 2007, ikawaongeza wavulana 2013, ikaachana na Pap na kuhamia kipimo cha HPV kila miaka mitano mwishoni mwa 2017, na tangu Julai 2022 kila mwanamke anaweza kuchagua kujichukulia sampuli. Hata hivyo wanawake wa asili wa Australia bado wanaugua na kufa zaidi ya wenzao. Wastani wa nchi huficha watu.

Kwa dunia nzima, mkakati uliozinduliwa Novemba 2020 unataka kufikia 2030 wasichana 90 kati ya 100 wawe wamechanjwa kabla ya kutimiza miaka 15, wanawake 70 kati ya 100 wapimwe kwa kipimo kizuri wakiwa na miaka 35 na tena 45, na 90 kati ya 100 wenye tatizo watibiwe. Watu huzungumzia sana ile 90 ya kwanza. Mimi hunikosesha usingizi ile ya mwisho. Kumpima mama, kumwambia ana tatizo, kisha kumpa karatasi ya rufaa ya kwenda mjini asikokuwa na nauli wala pa kulala, ni kumwongezea hofu tu. Ukilinganisha nchi, usiishie kuuliza wangapi walipimwa. Uliza wangapi kati ya waliokutwa na tatizo walitibiwa.

Chanjo ni salama? Tunasikia inafunga kizazi.

Haifungi kizazi. Imetolewa kwa mamia ya mamilioni ya dozi tangu 2006, na walioipata wakiwa wasichana sasa wana watoto wao. Uingereza, wanawake waliofikiwa na chanjo wakiwa na miaka 12 hadi 13 wamepungukiwa na saratani hii kwa asilimia 87. Scotland, utafiti wa 2024 haukukuta hata mgonjwa mmoja miongoni mwa waliochanjwa kikamilifu katika umri huo.

Madhara ya uvumi nayo yana ushahidi wa nchi. Japani iliacha kuihimiza chanjo Juni 2013 baada ya taarifa za madhara yaliyohofiwa. Waliochanjwa wakaporomoka kutoka asilimia 70 hivi hadi chini ya asilimia 1, na serikali ilirudi kuihimiza 2022 baada ya uchunguzi kutokuta uhusiano. Wasichana wa miaka ile katikati ndio walioachwa.

Jirani zetu Rwanda walifanya kinyume. Mwaka 2011 walikuwa wa kwanza Afrika kuitoa nchi nzima, kupitia shule, huku walimu na wahudumu wa afya wa vijijini wakiwatafuta hata wasichana wasiosoma, na wakavuka asilimia 90. Uganda ilifuata 2015, Tanzania Aprili 2018 na Kenya Oktoba 2019. Dozi moja sasa inakubalika, na sehemu ya ushahidi wake umetoka kwetu: utafiti uliofanyika Kenya, Kisumu, Thika na Nairobi, ulikuta dozi moja inakinga kwa zaidi ya asilimia 97 katika miezi 18 ya kwanza. Tanzania imehamia dozi moja tangu 2024, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14.

Aliyechanjwa bado atapaswa kupimwa akikua, maana chanjo haizuii aina zote za kirusi.

Naishi Ulaya au Marekani. Nifuate utaratibu wa huku au wa nyumbani?

Wa huko uliko. England huita wanawake wa miaka 25 hadi 64, bure. Barua huja kwenye anwani iliyosajiliwa kwa daktari wako, kwa hiyo ukihama mtaa bila kubadilisha anwani, inaweza isikufikie. Marekani hakuna barua ya taifa. Inategemea bima na daktari wako, lakini upo mpango wa serikali kuu kwa wanawake wenye kipato kidogo au wasio na bima, ulioanzishwa kwa sheria ya 1990. Uliza idara ya afya ya jimbo lako.

Norway na Uingereza, wanawake waliohamia kutoka Afrika hujitokeza wachache kuliko wenyeji. Wengine hudhani barua ni tangazo, wengine huona aibu, wengine walikeketwa na wanaogopa maumivu. Dada, una haki ya kuomba muuguzi mwanamke, mkalimani asiye jamaa yako, na kifaa kidogo zaidi. Ukisema mapema kwamba umekeketwa watajipanga, na unaweza kusema "simama" wakati wowote. Kama uliwahi kupimwa nyumbani, wapelekee cheti chako. Kama hukukitunza, anza upya tu.

Natoka damu baada ya tendo la ndoa. Nisubiri zamu yangu ya kupimwa?

Usisubiri. Upimaji wote tuliouzungumza ni wa asiyejisikia chochote. Damu baada ya kujamiiana, damu katikati ya mwezi, damu baada ya hedhi kukoma, uchafu wenye harufu usioisha kwa dawa, maumivu ya nyonga au kiuno yasiyoelezeka: nenda hospitali wiki hii, umri wowote, hata kama ulichanjwa, hata kama kipimo cha mwaka jana kilikuwa safi. Sema wazi kwamba unataka mlango wa kizazi uangaliwe. Ukipewa vidonge vya maambukizi bila kuangaliwa na damu ikaendelea, rudi, na uombe rufaa kwa maandishi.